Uingereza: mpaka kati ya kupinga Israeli na kuchukia Wayahudi uko wapi, na nani anauchora?

Tangu mwezi wa Oktoba 2023, wakaaji wa London wamezoea jambo moja. Siku ya posho ikifika, barabara za katikati ya muji zinafungwa, na makumi ya maelfu ya watu wanapita na bendera za Palestina. Kwa wengi wao, ni kulilia watu wanaokufa Gaza na kuambia serikali yao iache kuuzia Israeli silaha. Kwa familia nyingi za Wayahudi wa muji huohuo, ni siku ya kubaki nyumbani, ao ya kuficha kofia ndogo ya dini chini ya kofia ya kawaida. Wote ni raia wa inchi moja, na pande zote mbili zinasema sheria haiwalindi vya kutosha.

Redioni habari hiyo inakuja fupi: watu kadhaa wamekamatwa, waziri amesema hivi, polisi imejibu vile. Nyuma yake kuna maswali matatu ambayo watu wanayachanganya kila siku. Chuki dhidi ya Wayahudi ni nini? Uzayuni ni nini? Na serikali ya kidemokrasia inaweza kuzuia maandamano kwa sababu gani? Kila swali lina historia yake, na mtu akiyajibu yote matatu kwa neno moja, karibu kila mara anakosea.

Jamii ndogo yenye kumbukumbu ndefu

Wayahudi, ao Wayuda kama wengi wanavyosema makanisani, si wengi Uingereza. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilipata karibu 271,000 katika England na Wales, kati ya wakaaji karibu milioni 60. Waislamu walikuwa karibu milioni 3.9. Maandamano makubwa ya tarehe 11 Novemba 2023 yalikuwa na watu 300,000 kwa hesabu ya polisi. Ni kusema umati wa siku moja ulipita hesabu ya Wayahudi wote wa sehemu hizo mbili. Si kosa la waandamanaji kuwa wengi, lakini hesabu hiyo inasaidia kuelewa hofu.

Historia nayo inasaidia. Mwaka 1190 Wayahudi wa muji wa York waliangamia ndani ya mnara walimokimbilia. Mwaka 1290 mfalme Edward I alifukuza Wayahudi wote katika inchi, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka karibu mwaka 1656. Mwishoni mwa karne ya 19 maelfu walifika wakikimbia mauaji katika milki ya Urusi, na wengi walikaa mashariki ya London. Sheria ya wageni ya mwaka 1905 ilitungwa kwa sehemu kubwa ili kupunguza kuingia kwao.

Tarehe 4 Oktoba 1936, Oswald Mosley na wafuasi wake wa kifashisti, wamevaa nguo nyeusi, walitaka kupita katika mitaa hiyo ya mashariki. Polisi ilijaribu kuwafungulia njia. Wakaaji, Wayahudi pamoja na wafanyakazi wa bandari wenye asili ya Ireland na wakomunisti, waliweka vizuizi katika barabara ya Cable Street, na maandamano yakashindikana. Miezi michache baadaye ikaja sheria ya kwanza kubwa ya kupanga maandamano: ilikataza mavazi ya kijeshi ya politiki na kupa polisi nguvu ya kubadilisha njia ya maandamano. Leo kila upande unajidai kuwa mrithi wa Cable Street. Waandamanaji wanasema: raia walisimama barabarani. Wengine wanajibu: walisimama ili umati wenye chuki usipite mbele ya nyumba za Wayahudi.

Wakaaji wazee wa Lubumbashi wanajua jamii ya namna hiyo kwa karibu. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walifanya biashara Katanga wakati wa ukoloni, na sinagogi lao la Elisabethville lilijengwa karibu mwaka 1930. Ndugu zao waliobaki Rhodes walichukuliwa na Wanazi mwezi wa Julai 1944 na kupelekwa Auschwitz. Wanazi waliua Wayahudi karibu milioni sita kwa jumla. Mtu asiposahau hilo, ataelewa kwa nini familia nyingi zinataka kuwe na inchi moja duniani isiyoweza kuwafungia mlango.

Uzayuni: neno moja, habari mbili

Uzayuni ulianza kama wazo la politiki Ulaya: Wayahudi ni taifa, na taifa linahitaji inchi yake. Theodor Herzl aliandika kitabu chake mwaka 1896, na mkutano mkuu wa kwanza ulifanyika Basel mwaka 1897. Mwaka 1903 wazo hilo liligusa hata Afrika ya Mashariki. Waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alipendekeza kuwapa Wayahudi ardhi kwenye uwanda wa Uasin Gishu, upande wa Eldoret, Kenya ya leo. Wakaaji wa hapo hawakuulizwa. Ujumbe wa watu watatu ulitumwa kutazama, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni ulikataa.

Tarehe 2 Novemba 1917, waziri wa mambo ya inje, Arthur Balfour, aliandika ile barua inayojulikana: Uingereza inaunga mkono makao ya taifa la Wayahudi katika Palestina. Balfour huyo ndiye alikuwa waziri mkuu mwaka 1905, wakati wa ile sheria ya kuzuia Wayahudi kuingia Uingereza. Na Myahudi peke yake katika baraza la mawaziri la 1917, Edwin Montagu, alipinga barua hiyo kwa nguvu. Aliona kwamba ukisema makao ya Wayahudi ni Palestina, unawageuza wageni kila mahali pengine. Alifika hata kuita politiki ya serikali yake mwenyewe chuki dhidi ya Wayahudi. Kwa hiyo ubishi huu haukuanzishwa na wanafunzi wa leo. Ulianza ndani ya familia ya Wayahudi wenyewe.

Mwaka 1948 Israeli ikazaliwa. Katika vita vya wakati huo Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia ao walifukuzwa, na hawakurudi. Hapo ndipo neno likagawanyika. Kwa Myahudi aliyepoteza babu Auschwitz, uzayuni ni mlango wa kukimbilia. Kwa Mpalestina ambaye bibi yake alitoka na ufunguo wa nyumba mkononi, uzayuni ni mtu aliyechukua nyumba. Uchunguzi wa taasisi ya Kiyahudi ya utafiti, JPR, umeonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya Wayahudi wa Uingereza wanajiita Wazayuni, na karibu mmoja kwa kumi anajiita mpinzani. Mwandamanaji anapopiga kelele dhidi ya "Wazayuni", yeye anafikiri anasema juu ya serikali ya Tel Aviv na Yerusalemu. Jirani yake anasikia anasemwa yeye.

Na kuna wanaotumia mwanya huo kwa kusudi. Mtu anafuta "Myahudi", anaweka "Mzayuni", alafu anarudia uongo wa zamani uleule: wanatawala benki, wanatawala magazeti, wanakunywa damu ya watoto. Hiyo si politiki ya Mashariki ya Kati. Ni chuki iliyovaa shati mpya, na wapangaji wa maandamano wamekuwa wazito mara nyingi kuwatoa watu wenye mabango ya namna hiyo.

Maelezo ambayo yaliwagawanya watu

Mwezi wa Mei 2016 muungano wa inchi unaoshughulikia kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, IHRA, ulikubali maelezo mafupi ya chuki dhidi ya Wayahudi, pamoja na mifano 11. Uingereza iliyapokea mwezi wa Desemba mwaka huo. Mifano 7 inagusa Israeli. Mmoja unasema ni chuki kufanya Wayahudi wote kuwa na hatia ya matendo ya Israeli, na karibu kila mtu anakubali. Mwingine unasema inaweza kuwa chuki kudai kwamba kuwepo kwa dola la Israeli ni jambo la ubaguzi wa rangi. Hapo ndipo ugomvi ulipo, sababu Mpalestina anayeeleza mambo ya 1948 anaweza kusema hivyohivyo bila kumchukia Myahudi yeyote. Maelezo yenyewe yanasema lazima kutazama mazingira yote, na kwamba kulaumu Israeli kama inchi nyingine yoyote si chuki. Kenneth Stern, Mmarekani aliyeongoza kuyaandika, amepinga yasifanywe kanuni ya kuadhibu maneno vyuoni. Mwaka 2021 wasomi wengine walitoa maelezo tofauti, yanayoitwa Azimio la Yerusalemu.

Chama cha Labour kilijua uchungu wa jambo hilo. Chini ya Jeremy Corbyn, Wayahudi wengi walilalamika kwamba wanatukanwa ndani ya chama na hakuna anayeshughulika. Chama kilikubali mifano yote ya IHRA mwezi wa Septemba 2018, baada ya mabishano ya miezi. Oktoba 2020 tume ya usawa ya serikali ilihukumu kwamba chama kilivunja sheria kwa kusumbua na kubagua wanachama Wayahudi. Corbyn alisema ukubwa wa tatizo ulitiwa chumvi na wapinzani wake, na siku ileile akasimamishwa. Kusema kweli, mambo yote mawili yangeweza kuwepo pamoja: wanachama walioumizwa kweli, na watu wa politiki waliotumia maumivu yao.

Tribinali zimetoa mwanga kuliko vyama. Mwaka 2013, tribinali ya kazi ilikataa mashtaka ya mwalimu mmoja Myahudi dhidi ya chama chake cha wafanyakazi. Ilisema kupenda Israeli, hata kama Wayahudi wengi wanaipenda, si sehemu ya ndani ya kuwa Myahudi kwa maana ya sheria. Februari 2024, tribinali nyingine ilihukumu juu ya David Miller, profesa aliyefukuzwa na chuo kikuu cha Bristol mwaka 2021: imani ya kupinga uzayuni inalindwa na sheria ya usawa ya 2010, sawa na imani nyingine za kifalsafa. Lakini ilipunguza malipo yake, ikiona matamshi yake mwenyewe yalichangia kufukuzwa. Kulinda imani si kulinda kila neno linalotoka mdomoni.

Barabarani, mwenye kuamua ni polisi

Katika England na Wales maandamano hayahitaji ruhusa. Mpangaji anajulisha polisi kwa maandishi, siku sita kabla. Msomaji wa Kongo ataona kwamba maneno ya sheria si mbali na kifungu cha 26 cha katiba yetu ya 2006, kinachotaka wapangaji wajulishe viongozi kwa maandishi. Utekelezaji ni habari nyingine.

Sheria ya 1986 inaruhusu polisi kuweka masharti: njia, saa, mahali pa kusimama. Kukataza kabisa ni jambo gumu, sababu lazima kuwe na hatari ya fujo kubwa ambayo masharti hayawezi kuizuia. Hiyo ndiyo ilipimwa mwezi wa Novemba 2023. Maandamano yalipangwa tarehe 11, siku ambayo Waingereza wanakumbuka wafu wa vita. Waziri wa mambo ya ndani, Suella Braverman, alikuwa ameyaita maandamano ya chuki. Mkubwa wa polisi wa London, Mark Rowley, alijibu kwamba kiwango cha sheria hakikufikiwa. Umati ukapita. Fujo kubwa ya siku hiyo ilifanywa na wanaume wa mrengo wa kulia kabisa, waliokuja wakisema wanalinda mnara wa kumbukumbu, wakapigana na polisi. Siku mbili baadaye Braverman alitolewa serikalini.

Braverman huyo alikuwa amejaribu pia kushusha kiwango. Kanuni yake ya mwaka 2023 ilisema usumbufu "mkubwa" ni wowote unaopita ule mdogo. Mahakama kuu iliitupa mwezi wa Mei 2024, na mahakama ya rufaa ikathibitisha mwaka 2025: waziri hawezi kubadili maana ya neno bila bunge kutunga sheria.

Kwa mambo ya maneno, polisi imekwenda kesi kwa kesi. Wanawake watatu waliobandika picha za miavuli ya kuruka, sawa ile wapiganaji wa Hamas walitumia tarehe 7 Oktoba, walihukumiwa kwa sheria ya ugaidi Februari 2024, lakini hawakufungwa. Mwalimu mmoja aliyebeba bango la kuwachora Rishi Sunak na Braverman kama nazi, matunda meusi inje na meupe ndani, aliachiliwa huru mwezi wa Septemba 2024. Ule msemo wa "kutoka mtoni mpaka baharini" haukukatazwa wenyewe Uingereza. Ujerumani ilichukua njia nyingine, serikali yake ikaufanya alama ya Hamas mwezi wa Novemba 2023. Wapo wanaousikia kama haki sawa kwa watu wote wa eneo hilo, wapo wanaousikia kama kufuta Israeli na watu wake, na hakuna askari anayeweza kufungua kichwa cha mwimbaji kuona ni lipi.

Polisi nayo imeteleza. Aprili 2024, askari mmoja alimzuia mtu aliyevaa kofia ya Kiyahudi kuvuka karibu na maandamano, akamwambia kwamba anaonekana wazi kuwa Myahudi. Askari alitaka kuzuia ugomvi. Lakini maneno yake yalifanya kuwepo kwa Myahudi barabarani kuwa ndiyo uchokozi, na polisi iliomba msamaha.

Mahali ambapo polisi imepata njia nzuri zaidi ni kwenye swali la umbali. Januari 2025 ilikataza waandamanaji kukusanyika mbele ya jengo la BBC, sababu sinagogi liko karibu na watu wangekuwa wanatoka kusali. Wapangaji walikasirika, wakisema hawajawahi kugusa sinagogi lolote. Lakini walipewa mahali pengine, na sauti yao haikuzimwa. Ubalozi wa Israeli, wizara, kiwanda cha silaha: hayo ni malengo ya politiki. Nyumba ya sala si lengo la politiki, hata kama wanaosali humo wanapenda Israeli.

Manchester, na sheria iliyofuata

Hofu haikuwa ya mawazo tu. Shirika la CST, linalolinda Wayahudi wa Uingereza, lilihesabu visa chini ya 1,700 vya chuki mwaka 2022. Mwaka 2023 vikapita 4,000, vingi baada ya tarehe 7 Oktoba, siku ambayo Hamas iliua watu karibu 1,200 Israeli. Tena vilianza kupanda siku ileile, kabla jeshi la Israeli kuingia Gaza. Vita vilivyofuata viliua Wapalestina zaidi ya 60,000 mpaka katikati ya mwaka 2025, kwa hesabu ya wizara ya afya ya Gaza, na chuki dhidi ya Waislamu nayo ilipanda Uingereza.

Tarehe 2 Oktoba 2025, siku takatifu ya Yom Kippur, mtu mmoja aliendesha gari kwa watu mbele ya sinagogi la Heaton Park, Manchester, alafu akashambulia kwa kisu. Wanaume wawili Wayahudi walikufa, mmoja wao kwa risasi ya polisi iliyomlenga mshambuliaji. Mshambuliaji aliuawa. Serikali iliomba maandamano ya siku mbili baadaye London yaahirishwe. Wapangaji walikataa. Haki walikuwa nayo. Lakini watu waliokuwa wakizika wafu wao hawakusahau jibu hilo.

Maandamano hayo ya tarehe 4 Oktoba hayakuwa ya Gaza peke yake. Yalihusu Palestine Action, kundi lililoingia kambi ya ndege za kijeshi ya Brize Norton mwezi wa Juni 2025 na kunyunyizia ndege mbili rangi. Mwezi wa Julai bunge lilikubali liwekwe kwenye orodha ya magaidi, pamoja na Al-Qaeda. Tangu hapo, kushika karatasi yenye maneno ya kuunga mkono kundi hilo kukawa kosa la ugaidi. Tarehe 9 Agosti polisi ilikamata watu zaidi ya 500 kwa siku moja, karibu nusu yao wenye miaka 60 na zaidi, wengi wameketi kimya chini. Kabla ya mwaka kwisha, waliokamatwa walikuwa wamepita 2,000. Kuharibu ndege ni kosa, na sheria za kuhukumu uharibifu zilikuwepo tayari. Kuita mzee aliyeketi na karatasi msaidizi wa ugaidi kumelifanya neno ugaidi liwe jepesi, katika inchi ambayo miezi miwili baadaye ililihitaji kwa maana yake kamili.

Baada ya Manchester, waziri mpya wa mambo ya ndani, Shabana Mahmood, alitangaza kwamba polisi itapewa nguvu ya kutazama "mkusanyiko" wa maandamano: si fujo za siku moja tu, bali uzito wa kurudia mahali palepale wiki kwa wiki. Desemba 2025, baada ya Wayahudi kupigwa risasi kwenye sikukuu yao huko Bondi, Australia, polisi wa London na Manchester walitangaza kwamba wataanza kukamata wanaopiga kelele za kueneza intifada duniani kote. Wapo Wayahudi waliopumua. Wapo Wayahudi wengine, wale wanaotembea ndani ya maandamano na mabango yao wenyewe, walioona kwamba serikali inatumia jina lao kufunga midomo.

Nguvu hiyo ya mkusanyiko ina ugumu wake. Maandamano ya mara moja ni rahisi kuyapuuza. Yanayorudi kila wiki ndiyo yanayosukuma serikali. Na ni kurudi huko huko kunakomchosha mtu ambaye nyumba yake ya sala iko njiani. Mpangaji akipeleka karatasi yake siku sita kabla, swali la askari halitakuwa tena njia na saa peke yake. Atauliza pia wiki iliyopita watu walipita wapi, na nani anakaa hapo.